Damu ya Shamba la Højbak

Højbak, Mors
5 Oktoba 1986

Mwanangu Esben,

Huku kwetu ni upepo na matope, lakini shangazi yako bado anasimama, kwa kushika hiki na kuegemea kile. Nyonga inauma. Masikio yameshaniaga, ndiyo maana sikupigii simu; nitapiga kelele tu na nisiambulie neno. Mkeo Jytte anaendeleaje na macho yake? Mwambie nimemwekea chupa mbili za jamu ya plamu, na aje azichukue mwenyewe, sizitumi kwa posta zikavunjike. Bent alimaliza kung'oa viazisukari jana. Yule ng'ombe mweupe amezaa mapacha, wote wazima.

Sasa nisikilize. Daktari anasema baridi hii iwe ya mwisho kwangu hapa Højbak. Anataka nihamie nyumba ya wazee kule Nykøbing, nikakae na akina mama wanaofuma soksi mpaka wafe. Kwa hiyo kabla ya Mei mosi lazima niandikishe shamba ni la nani. Moyo wangu ulipo unajua. Bent nilimchukua kutoka nyumba ya yatima akiwa na miaka minane, mbavu zote nje. Leo ana arobaini na mitano, na hakuna pembe ya shamba hili asiyoifahamu. Lakini unajua pia nilichomwahidi baba siku alipokuwa anakata roho. Alinishika mkono akasema Højbak imepokewa damu kwa damu tangu shamba lilipokuwa bado la bwana mkubwa, na isije ikaiponyoka damu kwa sababu yangu. Nikasema ndiyo. Mtu anakufa mbele yako, utamwambia nini kingine?

Kaka yako Preben ameishika ahadi hiyo kama nguzo. Kila akija ananikumbusha, huku macho yake yanapima ghala. Wewe ulishasema hutaki hata kuku mmoja wa hapa, kwa hiyo damu iliyobaki ni yeye. Na akilipata, kabla nyasi hazijaota ameliuza kwa ile kampuni ya nguruwe. Hilo hata yeye hakatai.

Umestaafu ualimu, unakaa Copenhagen, makaratasi yote ya nchi yako mlangoni pako. Kanitafutie kama alichosema baba ni kweli. Kama ni kweli, ahadi ni ahadi, Preben atapata, hata nikilia. Kama si kweli, nataka nijue ningali na akili.

Shangazi yako,
Petrea

Copenhagen
26 Oktoba 1986

Shangazi yangu mpenzi,

Tumepokea salamu zako na matope yake. Jytte anaona vizuri kidogo baada ya dawa mpya, na anasema jamu isiguswe na mtu mpaka Pasaka. Binti yetu Signe amehamia kwa yule mpiga gitaa. Sisemi kitu.

Kazi uliyonipa imenikamata shingo. Naenda kule kwenye jumba la nyaraka asubuhi kabla mlango haujafunguliwa, na bado nakuta foleni. Wote ni wastaafu, kila mmoja na kahawa yake kwenye chupa na wafu wake kwenye daftari. Ndani kimya, mashine za kusomea filamu za vitabu vya zamani zinanguruma, mara mtu wa kisiwa cha Fyn aliye pembeni yangu anasema polepole, "Nimekupata, mama," na sisi wote tunainua vichwa kwa wivu. Juzi nilimsaidia kusoma neno moja la mwandiko wa zamani akanipa kipande cha mkate mweusi na ini la kupaka. Nimeshasahau hata kwenda kwa kinyozi.

Nimeanza na baba yako na ninarudi nyuma. Vitabu vya kanisa vinaniambia nani alizaliwa, nani alioa, nani alizikwa. Sensa inaniambia nani alikuwa analala chini ya paa la Højbak siku watu walipohesabiwa. Na ukoo wetu, Mungu awarehemu, hawakuwa na majina mengi. Mtoto wa kwanza anaitwa kwa babu yake, halafu anabeba jina la baba: Mikkel mwana wa Laurids, Laurids mwana wa Mikkel, kisha tena Mikkel. Ni kama kupanda ngazi yenye vipandio viwili tu. Nitafika juu, usijali.

Bent anajua unachoniuliza?

Wako,
Esben

Højbak
9 Novemba 1986

Esben,

Salamu kwa Jytte. Mpiga gitaa si ugonjwa, mwache mtoto.

Bent hajui kitu. Anapaka chokaa zizi la ndama, kwa hiari yake, bila mtu kumwambia, na ananiuliza mwakani tupande shayiri upande gani. Mimi nageuza uso nasema tutaona. Mtu mzima mimi, naona haya nyumbani mwangu! Preben alikuja Jumapili iliyopita na keki. Mtu ambaye hajawahi kuniletea hata biskuti.

Basi usinipe habari za watu wa Fyn na ini lao. Panda ngazi yako.

Petrea

Copenhagen
30 Novemba 1986

Shangazi mpenzi,

Hapa mvua, mafua, na Jytte ameshaanza kuoka biskuti za Krismasi. Signe alikuja na mpiga gitaa wake, kijana huyo akala sahani tatu za nyama ya nguruwe, nikaanza kumpenda.

Nimefika. Kaa kwenye kiti kabla hujasoma. Baba yako Mikkel alizaliwa Højbak mwaka 1870. Baba yake Laurids, hapohapo, 1836. Baba yake huyo ni Mikkel Lauridsen, na ndiye mwenye shamba katika sensa ya 1834. Kati ya hapo na 1801 hakuna sensa iliyofanyika, na kitabu cha kanisa cha miaka hiyo kimeandikwa na mchungaji ambaye nadhani alitumia mguu wa kuku. Lakini haina haja, kwa sababu nilipofungua sensa ya 1801, nani amekaa hapo kichwani mwa meza? Mikkel Lauridsen, na mkewe Bodil. Na mwaka 1787 Mikkel huyo ni kijana wa miaka ishirini, yuko palepale Højbak, kwa baba yake mzee Laurids.

Miaka mia mbili, Shangazi, na mnyororo haujakatika. Nilipoona jina lile mara ya pili nywele zilinisimama. Babu alisema kweli.

Najua hili linamaanisha nini kwa Bent. Lakini uliniuliza.

Esben

Højbak
14 Desemba 1986

Mwanangu,

Ahsante kwa kazi yako. Krismasi njema kwenu nyote.

Nimemwambia Bent. Nilingoja amalize kukamua, akavua viatu vya mpira, nikampa kahawa, nikamweleza yote: baba, ahadi, barua yako, Mikkel na Laurids wako wote. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Basi niulize kazi kwingine kabla watu hawajajaza nafasi za Mei." Akasuuza kikombe chake, akatoka.

Hakununa. Angeninunia ningejua la kufanya. Juzi alikwenda Thy, akapata kazi kwa mkulima mmoja kule, anaanza Mei mosi, siku watumishi wanapohama. Jioni tunakula kama kawaida. Ananikatia nyama kwa sababu ya vidole vyangu.

Wakili anakuja Februari na karatasi za Preben.

Petrea

Copenhagen
4 Januari 1987

Shangazi, usitie saini kitu chochote!

Natakiwa kukutakia mwaka mpya, basi heri, lakini soma hapa kwanza. Krismasi nilikaa kuchora mti wa ukoo kwenye karatasi kubwa, nikutumie uutundike. Nikawa naandika miaka chini ya kila jina. Nikamfikia Mikkel Lauridsen, kalamu ikasimama. Mwaka 1801 ana miaka thelathini na minne. Nikarudi kwenye sensa ya 1834, ambako umri uko pembeni kabisa, kwenye kunjo la ukurasa, na mimi sikuuangalia kwa sababu jina lilikuwa limeshanifurahisha. Ana miaka thelathini. Nikasema karani alilewa. Nikafungua ya 1845: arobaini na mmoja. Mtu huyu wetu tangu 1801 alikuwa amezeeka miaka saba tu.

Ni watu wawili, Shangazi. Nyumba moja, jina moja, watu wawili. Na hawawezi kuwa baba na mwana. Mwana wa Mikkel angekuwa Mikkelsen. Huyu ni Lauridsen, baba yake ni Laurids fulani, na mzee Laurids wa Højbak alizikwa 1795, nimekiona kifo chake kwa macho yangu. Sasa nimerudi kwenye yule mchungaji wa mguu wa kuku, usiku naota mwandiko wake. Mwaka 1803 anabatizwa Mikkel hapo Højbak: mama yake ni Bodil, baba yake ni Laurids Christensen. Huyo nani? Ametoka wapi, na anafanya nini kwenye kitanda cha Mikkel? Na kama mtoto si wa Mikkel, kwa nini ampe jina la Mikkel? Nimewaza mengine ambayo siwezi kumwandikia shangazi yangu.

Sema kama unajua kitu. Preben alipita hapa juzi. Tuliongea habari za hali ya hewa.

Esben

Højbak
28 Januari 1987

Esben mwanangu,

Barua yako imenifikia leo. Theluji ilitufunga, madirisha ya chini yote meupe, na kivuko kililala siku nyingi. Bent alichimba njia mpaka kwa kuku, kisha mpaka kwenye sanduku la barua, ndipo tukaikuta. Tuko wazima, ndama wako wazima.

Ulichowaza ukifute. Bodil hakufanya lolote la aibu. Wewe ni mtoto wa mjini, na baba yako hakuwa mtu wa kusimulia, kwa hiyo nitakuambia mimi. Kwetu mjane akiolewa tena, mtoto wa kwanza wa kiume wa ndoa ile mpya anapewa jina la mume aliyekufa. Mwanamume akifiwa akaoa tena, binti wa kwanza anapewa jina la marehemu mke. Ilikuwa lazima. Mwenye nyumba amekufa lakini jina lake lisitoke mezani. Mikkel wa kwanza alikufa, Bodil akaolewa na huyo Laurids, wakamzaa mtoto, wakamwita Mikkel. Ingekuwa ajabu wasingemwita hivyo.

Unajua nimejuaje? Kwa sababu mimi ndiye Petrea wa pili. Baba alikuwa na mke kabla ya mama yangu. Alikufa na mimba yake, na picha yake ilikuwa sebuleni mpaka nilipokuwa msichana. Mimi nilipozaliwa nikaitwa Petrea. Mama yangu alikuwa analiita jina la yule mwanamke uani kutwa nzima, niende nikaokote mayai, nikafunge banda. Siku moja nilimuuliza kama haimuumi. Akasema mwanzoni liliuma, baadaye likawa jina langu mimi tu. Sijawahi kumwambia mtu habari hii, hata marehemu baba yako. Sijui kwa nini. Nilikuwa naona kama nimevaa nguo ya mtu.

Sasa nitafutie huyo Laurids. Nataka kujua nani alikuja Højbak na alikujaje. Wakili nimemwambia njia ina theluji. Njia imeshachimbwa, lakini yeye hajui.

Petrea

Copenhagen
15 Februari 1987

Shangazi mpenzi,

Jytte ameisoma barua yako akalia, na anakusalimu kwa jina lako, anasema ni zuri. Mimi sikujua kabisa kuhusu mke wa kwanza wa babu. Nilikaa nayo siku nzima bila kwenda kwenye nyaraka, na hiyo si kawaida yangu siku hizi.

Kisha nikaenda. Nimempata, naye alikuwa mbele ya pua yangu tangu Novemba. Katika ile ile sensa ya 1801, chini ya Mikkel na Bodil, kuna mstari niliouruka kwa sababu si wa ukoo: Laurids Christensen, miaka ishirini na miwili, hajaoa, mfanyakazi wa shamba. Februari 1802 Mikkel anazikwa, homa ya mapafu, na hakuacha mtoto. Wakati ule shamba lilikuwa la bwana mkubwa mwenye ardhi, mkulima alilikodi tu, na mjane hakuachwa alime peke yake. Ama aolewe na mtu anayeweza kushika jembe, ama aondoke. Bodil alikuwa na miaka ishirini na tisa. Oktoba mwaka uleule akafunga ndoa na kijana wake wa kazi, na shamba likaandikwa jina la Laurids.

Kwa hiyo damu ya mzee Laurids na Mikkel wa kwanza iliishia hapo. Hatuna hata tone lake, wewe, mimi wala Preben. Sisi ni watoto wa mfanyakazi. Babu alikufunga kwa kitu ambacho hakikuwapo, na yeye mwenyewe hakujua.

Na kuna jambo jingine, nalo nakuomba ulipokee kwa moyo mkubwa. Laurids hakuwa mtu wa Mors. Mchungaji ameandika alikozaliwa. Ni Salling, kule ng'ambo ya maji.

Preben alikuja tena. Hatukukaa sana.

Wako,
Esben

Højbak
3 Mei 1987

Mwanangu Esben,

Nimechelewa kukujibu na sina udhuru wa theluji. Nilitaka kwanza yaishe ndipo nikuandikie. Nyonga ni ileile. Shayiri imeota. Mwambie Signe akija na mpiga gitaa wake, nyama ipo.

Salling! Maisha yangu yote nimewacheka watu wa Salling, jinsi wanavyoongea, jinsi wanavyobana siagi. Nilikwenda kwenye kioo nikajitazama. Mchungaji nimemwambia, na bado anacheka. Wengine huku usiwaambie.

Barua yako nilimsomea Bent mezani, na kila nikifika kwa Bodil naanza upya. Akasema sawa, lakini ameshampa neno yule mtu wa Thy, na halafu, huku anatazama mkate, "Shamba la kuonewa huruma silitaki, Petrea." Nikashikwa na hasira ambazo sijashikwa nazo tangu vita. Nikamwambia nani anamwonea huruma? Mimi ndiye ninayetaka kubaki nyumbani mwangu, na nani atanikatia nyama, Preben? Nikamwambia Bodil hakumwonea huruma Laurids. Alitazama nani anajua kazi ya pale na nani atakula naye meza moja, akachagua. Na mimi nimechagua, miaka thelathini na saba iliyopita, ila nilikuwa naogopa mtu aliyekufa. Bent akamaliza mkate wake. Asubuhi yake alikwenda Thy kuomba aachiwe, na yule mkulima alimwachia, ila alimtukana kidogo.

Preben alikuja kabla ya Pasaka, bila keki. Alipaza sauti mpaka hata mimi nikasikia. Ndipo akaropoka kwamba alikuomba Januari uikalie ile sensa, uuache mti wako ulivyo, kwani waliokufa hawatakushitaki. Na kwamba alikuomba tena Februari, na ukamfungulia mlango atoke. Wewe uliniandikia hali ya hewa. Ni kaka yako, najua, na najua hamwongei sasa. Hilo linaniuma kuliko yote haya, na sina la kukupa.

Juzi tulikwenda kwa wakili. Bent alivaa suti ya kipaimara cha mtu mwingine, nadhani, mikono inatoka nje. Shamba ni lake. Mimi nabaki na chumba changu cha upande wa mashariki, maziwa, mayai, kuni, kama wazee wa zamani walivyokuwa wakiandikiana, na nyumba ya wazee ingoje. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka wakili alipofika mahali pa kuandika Bent ni nani kwangu. Bent akaangalia kofia yake. Wakili akaandika: mtoto wa kulea.

Nikamwambia afute "wa kulea". Akasema mama, hilo halibadilishi chochote kisheria. Nikamwambia najua. Akasema basi kuna faida gani, tena itawachanganya watu watakaokuja kusoma hati hii baadaye.

Nikamwambia wakija, watafute.

Shangazi yako,
Petrea